Pombe Aliyoimwaga Mama

Mama yangu alipika pombe ya mtama karibu maisha yake yote. Alianza kijijini kwao, upande wa Shinyanga, akiwapikia watu waliokuja kulima shamba kwa pamoja. Baba alipofariki akahamia machimboni, kati ya Kahama na Geita, akafungua kilabu chake. Lilikuwa banda la miti na mabati makuukuu, lenye mabenchi yaliyochongwa kwa shoka. Wateja walimwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma, hata waliotoka Kigoma na Mtwara ambao katika lugha hiyo walijua hilo tu na wabeja, la kushukuru.

Nilirudi kwake ndoa yangu ya Chato ilipovunjika. Nilishuka kwenye basi nikiwa na mtoto mgongoni na begi moja. Mama hakuniuliza kitu. Alinionyesha pa kulala, na kesho yake akanipa mtama niuloweke kwa ajili ya kimea.

Alikuwa na masharti yake. Mtu anayekwenda kushuka shimoni hakumuuzia, hata akipiga magoti. Mjamzito alimpa togwa ambayo haijachacha na kumwambia akanywee kwake. Machicha hayakutupwa mtaroni kama walivyofanya wengine, ila aliwaachia wanawake waliofuga nguruwe. Kwenye kuni ndiko alikokuwa mkali zaidi. Vilima vyote vya pale vilikuwa vimebaki vipara, kwa sababu miti iliishia kwenye matimba, yale magogo ya kuzuia shimo lisiporomoke, na iliyobaki ikaishia chini ya mapipa ya wapika pombe. Mama aliapa hatanunua mti uliokatwa kwa ajili yake. Alinunua vipande vilivyobaki baada ya matimba kukatwa.

Hivyo ndivyo tulivyomjua yule bwana. Alikuwa fundi wa matimba, mtu wa Ushirombo, mrefu, mwenye kikohozi kilichomtangulia njiani. Alituletea vipande vyake kwenye toroli, na alipofika hakupiga hodi kwa mdomo. Aligonga nguzo ya banda mara mbili kwa mpini wa shoka, ko, ko, na mama akajibu kutoka jikoni, "Ingia, kuna nafasi." Alikuwa na mke na watoto kwao ambao aliwatumia matumizi lakini hakwenda kuwaona. Kila mwaka alisema atakwenda msimu ukiisha. Mama alimpenda kama mdogo wake. Pombe mpya ilipochujwa, kikombe cha kwanza kilikuwa chake. Alikinywa amesimama, akafumba macho, kisha akasema, "Iko sawa, Mayu," na hapo ndipo wengine walipoanza kununua. Ilikuwa desturi ya kilabu chetu, na hakuna aliyekumbuka ilianzaje.

Mwaka mmoja duara la jirani lilitema. Ndivyo wachimbaji wanavyosema shimo likitoa dhahabu. Watu walimiminika, wakajenga vibanda vya maturubai mpaka nyuma ya choo chetu. Mitungi ya mama ya udongo ikawa haitoshi, na miwili ilikuwa imepasuka. Tukapanda basi kwenda Kahama kutafuta chombo kikubwa.

Nyuma ya soko, karibu na mashine za kukoboa mpunga, palikuwa na kijana aliyeuza mapipa ya plastiki ya bluu. Yalikuwa yamepangwa juani, yamesuguliwa, na kila moja lilikuwa na alama ya mraba ubavuni ambapo karatasi ya maandishi ilikuwa imekwanguliwa.

"Haya yalikuwa na nini?" mama aliuliza.

"Mafuta ya kula, mama yangu. Osha tu kwa maji ya moto."

Mama aliingiza kichwa ndani ya pipa, akanusa kwa muda. Akaniambia na mimi ninuse. Nilisikia harufu ya sabuni, na chini ya sabuni kitu kingine, kikali kidogo, kama bati lililonyeshewa mvua. Nilimwambia hivyo. Yule kijana akacheka, akasema ni jua. Tulilichukua.

Nyumbani tulilisugua kwa majivu na mchanga, tukalijaza maji na ndimu, tukaliacha juani mpaka mama mwenyewe akaridhika. Kisha akapika kama alivyopika siku zote. Uji ulipopoa akaumimina ndani ya lile pipa, akatia kimea, akafunika kwa gunia safi.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Banda lilikuwa limejaa hadi nje, watu wameketi hata juu ya mawe. Mama akachuja, akajaza kikombe. Ko, ko. "Ingia, kuna nafasi." Fundi wa matimba akaingia akiwa bado na vumbi la mbao kwenye nyusi, akambana mtoto wangu shavu, akapokea kikombe chake, akanywa.

Hakusema iko sawa. Alikitazama kikombe. "Mayu," alisema, "leo ina kitu." Akakaa kwenye benchi.

Mama alikuwa ameshaanza kuwajazia wengine. Nilimwona akisimama, mkono ukiwa umeshika kata hewani. Jasho lilikuwa linamtoka yule bwana kama mtu aliyemwagiwa maji. Alikuwa anavuta pumzi kwa mabega. Akainama, akatapika kati ya miguu yake, akaanguka ubavu.

Watu walimkimbilia. Mama hakumkimbilia. Alikwenda kwenye mabenchi ya mbele, akawanyang'anya watu vikombe mikononi, kimoja kimoja, kabla hawajavifikisha mdomoni. Mwingine alikataa, mama akampiga kofi mkononi, kikombe kikaruka. Kisha akalikumbatia lile pipa, akalisukuma kwa kifua. Halikwenda. Akaniita. Tukalisukuma wote wawili, likalala, na pombe yote ikatoka kama mto, ikapita chini ya mabenchi, ikalowesha miguu ya watu, ikaenda mtaroni.

"Mayu amerukwa na akili!" mtu mmoja alipiga kelele. Mzee mmoja alipiga magoti akijaribu kuchota kwa kofia. Mama alimvuta kwa kola.

Fundi wa matimba alipakiwa kwenye bajaji, kichwa chake kwenye mapaja yangu, mama akiwa ameshika miguu. Alikuwa anatazama dari la turubai. Aliwahi kusema neno moja tu, "hewa," na sikuwa na hewa ya kumpa zaidi ya kumpepea kwa khanga. Tulipofika kituo cha afya alikuwa ameshakata roho. Nje bado kulikuwa na jua, na wanafunzi walikuwa wanacheza mpira ng'ambo ya barabara.

Daktari alikuwa mtu mpole. Alimtazama marehemu, akauliza kuhusu kifua chake. Tukamweleza kikohozi, vumbi, miaka ya shimoni. Akasema mapafu ya namna hiyo yanaweza kuuchosha moyo, ukasimama wakati wowote, hata mtu akiwa ameketi. Kisha akauliza alikula au kunywa nini.

"Pombe yangu," mama alijibu. "Kikombe kimoja. Kutoka kwenye pipa jipya."

"Iko wapi hiyo pombe? Ingepelekwa ikapimwe. Hapa hatuna kipimo hicho, lakini ingepelekwa."

"Nimeimwaga," mama alisema.

"Yote?"

"Yote."

Na pipa? Tulipiga simu kwa jirani. Alisema tayari amelisuuza, kwa nia njema, ili tukirudi tukute pasafi.

Hapo ndipo kilipoanzia kile ambacho mama alikibeba tangu siku hiyo. Kama ile pombe ilikuwa na sumu, basi aliokoa banda zima. Kama haikuwa na sumu, basi alimwaga pombe nzuri huku rafiki yake akifa kwa moyo wake mwenyewe, na hakumshika hata mkono. Na hakuna mtu tena duniani ambaye angeweza kumwambia ni lipi kati ya hayo mawili, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeumwaga ushahidi.

Kesho yake bata wa jirani waliingia mtaroni. Walizamisha midomo kwenye yale matope yaliyolowa pombe, wakala machicha. Mama alivuta kigoda akakaa kuwatazama. Nilimletea chai, ikapoa. Alikaa hapo mpaka bata wakapanga mstari kurudi kwao wakiyumba kidogo, kama bata waliolewa. Hawakufa, si kesho yake wala baadaye. Nilidhani hilo lingempa nafuu. Badala yake aliniambia, "Sasa ndiyo sijui kabisa."

Mwenyekiti wa kitongoji alikuja kutoa pole. Mama alimweleza kila kitu, harufu, pipa, kikombe. Mwenyekiti alisikiliza, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mama, yule alikuwa na kifua, kila mtu anajua. Usijitafutie kesi." Alisema kwa wema.

Ndugu walikuja kuuchukua mwili, wakaenda kuzika Ushirombo. Mama alirudi Kahama, nami nikafuatana naye. Yule kijana alikuwa palepale, na mapipa mapya.

"Yale mapipa yalitoka wapi?" mama alimuuliza. "Sitaki kukushtaki. Nataka kujua."

Kijana alijaribu mafuta ya kula tena. Mama akamwambia kuna mtu amekufa. Hapo akatazama pembeni. Akasema huyaleta mtu mwenye fuso, anayachukua kwenye mitambo ya kuchenjulia dhahabu. Mengine yalikuwa na dawa ya kuchenjulia, ambayo ni sumu, mengine hayakuwa na kitu kibaya. Yakifika yote yanakwanguliwa karatasi, kwa hiyo hata yeye hajui lipi ni lipi.

"Unamuuzia nani?"

"Kila mtu. Wauza maji. Watu wa sherehe. Wapika pombe wenzako." Akaongeza, kama mtu anayejitetea mbele ya mama yake mzazi, "Na nyumbani kwangu ninalo. Tunawekea maji."

Katika basi la kurudi mama alitazama nje njia nzima. Kila uwanja tuliopita ulikuwa na pipa la bluu chini ya mchirizi wa bati. Sikuwahi kuyaona kabla ya hapo. Tangu siku ile sijaacha kuyaona.

Hatukufungua kilabu. Mabenchi yalikaa wazi, wateja wakahamia kwingine. Siku moja mchana nilikuwa napepeta mtama, mama akiwa jikoni, nikamsikia akisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ingia, kuna nafasi."

Niliinua kichwa. Mlangoni hapakuwa na mtu.

Nilimfuata. Alikuwa amesimama na mwiko, anatazama njia. "Umesikia?" aliniuliza.

"Sijasikia, mama."

"Haya." Akaendelea kukoroga mboga.

Ikawa hivyo mara nyingi. Sikuwahi kumwona akiogopa. Alijibu tu, kama alivyomjibu miaka yote, halafu akangoja kidogo, halafu uso ukabadilika. Mimi ndiye niliyeogopa. Na siku moja, nikiwa peke yangu, mama ameenda kisimani na mtoto amelala, nilisikia nguzo ya banda ikigongwa mara mbili. Inawezekana ilikuwa bati linalocheza na upepo, maana bati lile lilikuwa limelegea. Nilitoka, nikalikandamiza kwa jiwe. Sikumwambia mama.

Kisha mjane wa fundi akaja. Alishuka kwenye basi mchana, mwanamke mwembamba mwenye rozari shingoni, akauliza njia ya kwa Mayu. Nilimsalimu shikamoo, akaitikia marahaba, akaketi kwenye benchi lilelile alilokalia mumewe siku ile, bila kujua. Alikuwa amekuja kuchukua vitu vya mumewe. Vilikuwa vichache, shoka, msumeno, redio, blanketi. Alipomaliza kuvifunga akamwambia mama lile lililomleta hasa.

"Tunaondoa matanga, dada. Marehemu kila alipopiga simu alikuwa anaisifia pombe yako. Ndugu wameniambia nikuombe uje kutupikia, au upike hapa tuichukue."

Mama aliweka mikono magotini. Nilijua atasema, nikatamani asiseme.

"Siwezi," alisema. "Sikiliza kwanza nikwambie, halafu utaamua mwenyewe kama utamaliza hata hiyo chai."

Akamweleza yote. Hakuruka kitu. Alieleza harufu niliyosema mimi, na jinsi alivyopuuza. Alieleza neno "leo ina kitu." Alieleza bata. Alieleza kwamba marehemu alipoanguka yeye alikwenda kwenye vikombe, hakwenda kwake.

Mjane alikuwa ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Midomo yake ilikuwa inacheza, nikafikiri anasali.

"Alikunywa akiwa amesimama?" aliuliza hatimaye.

"Amesimama."

"Alikuwa amekula?"

"Sijui, dada. Nisikudanganye."

Mjane akanywa chai yake, akaimaliza. "Mitungi bado unayo?" aliuliza.

"Ninayo michache."

"Basi pika kwenye mitungi. Na mimi nitakaa hapa hapa nione."

Alikaa mpaka pombe ikaiva. Alilala kwenye mkeka na mimi, na alfajiri tulikwenda wote watatu kuchota maji kwenye kisima cha mbali, kile kilicho juu ya mitambo, ambacho mama alikuwa amekichagua kwa sababu hakuna maji machafu yanayoweza kupanda mlima. Alishika kimea mkononi, akakinusa. Alionja uji. Hakutusaidia zaidi ya kubeba ndoo, na hakuzungumza sana. Wakati wote huo mama hakujibu hodi ya mtu asiyeonekana, au labda hakuisikia, au aliona aibu mbele ya mgeni.

Siku ya kuchuja mama alijaza kikombe akakiinua mwenyewe. Mjane akamshika mkono.

"Hiki si cha kwake?" aliuliza.

"Kilikuwa cha kwake."

"Kama ni cha kwake, basi ni changu."

Akakichukua. Alisimama katikati ya banda, akafumba macho, akanywa mpaka mwisho. Mama alimwomba akae, akamtazama pumzi, akamgusa paji la uso kama mtoto mwenye homa. Mjane alimwacha afanye hivyo mchana wote. Jua liliposhuka akaomba ugali.

Pombe ile ilikwenda Ushirombo kwenye mitungi iliyofungwa majani ya mgomba, nasi tulikwenda nayo. Kabla haijagawiwa, mjane alisimama mbele ya wakwe zake na kuwaambia alichoambiwa na mama, kwa ufupi, bila kulia, kisha akasema yeye ameshakunywa. Walikuwepo walioondoka. Kaka wa marehemu alitema mate chini, akaenda kukaa mbali na hakurudi. Waliobaki walikunywa.

Tuliporudi machimboni mama alilitoa lile pipa nje, akalitoboa kwa msumari wa moto chini na ubavuni, lisifae tena kuweka kitu chochote cha majimaji. Halafu akaenda kwa wapika pombe wenzake, banda kwa banda. Aliwaambia kilichompata. Wengine walileta mapipa yao siku hiyohiyo, tukayatoboa pamoja, moshi wa plastiki ukitukaba. Wengine walimcheka, wakasema Mayu anataka wote turudi kwenye mitungi kwa sababu biashara yake imekufa. Mmoja alimwambia usoni, "Mimi nina watoto watano na pipa moja. Nikilitoboa wewe utanipa nini?" Kesho yake mama alimpelekea mtungi wake mkubwa kuliko yote. Yule mwanamke aliupokea, akashukuru, akaendelea kutumia vyote viwili.

Mitambo bado ipo. Mapipa bado yanauzwa. Nilisikia kwamba watu wa serikali walipita mara moja wakawakataza wauzaji, na kwa muda fulani yale mapipa yalihamia nyuma ya maduka.

Mama alipika kwa mitungi mpaka magoti yakamshinda. Sasa anaishi nami Ngokolo, mjini Shinyanga, na ninayepika ni mimi, kwa ajili ya harusi na misiba ya mtaani. Natumia pumba za mpunga badala ya kuni. Maji najua yanakotoka. Bado napata ndoto ya banda lililojaa watu, vikombe vyote viko midomoni, na mimi sina mikono. Nikiamka huwa nakwenda kumsikiliza mama akipumua.

Mara moja kwa mwaka humpeleka Ushirombo. Yeye na mjane wameshazeeka, huketi uani wakichambua maharage na kusengenya mapadre. Lile jambo hawalizungumzi. Mwaka jana nilibaki na mjane peke yake, mama akiwa amelala, nikapata ujasiri wa kumuuliza kwa nini alikunywa siku ile. Nilimwambia nimedhani miaka yote kwamba alitaka kumsamehe mama.

Alishangaa. "Kumsamehe? Mimi nilikuwa na hasira naye mpaka mikono ilikuwa baridi," alisema. "Ila yule mwanaume aliniacha na watoto, akaishi kwenu miaka mingi. Nilitaka nijue huko alikuwa anapata nini."

"Ukajua?"

"Ilikuwa tamu," alisema. "Na mama yako alinitazama mchana mzima kama mtu anayemwomba Mungu nisife. Mimi hakuna mtu aliyewahi kunitazama hivyo."

Kisha akaniomba nimsogezee ungo, kwa sababu jua lilikuwa limehamia upande wake na maharage bado yalikuwa mengi.